Mionzi ya Hospitali Isiingizwe Kwenye Vita vya Siaya

Tangu serikali ilipogeuza macho kutoka Uyombo, Kilifi, ambako wakazi waliukataa mtambo wa umeme wa nyuklia, na kuyaelekeza Siaya kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, habari za mionzi ziko kwenye kila kinywa huku kwetu. Zinajadiliwa barazani, redioni, ndani ya matatu za Kisumu kwenda Bondo, na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Wakazi wana haki ya kuuliza, na wengi wanaouliza wana hoja nzito kuhusu ardhi, samaki na mahali taka zitakapowekwa. Lakini mjadala huo umezoa na jambo lisilokuwa lake: mionzi ya hospitalini. Upande mmoja unasema, kama mionzi ndiyo hiyo inayowachoma wagonjwa Nakuru na Eldoret, tutaikaribishaje Siaya? Upande wa pili unajibu kwamba nyuklia ndiyo itakayotuletea tiba ya saratani karibu na nyumbani. Pande zote mbili zimekosea, na anayeumia ni mgonjwa aliyeandikiwa tiba ambaye sasa anasitasita kwenda.

Msimamo wangu ni huu: mashine ya mionzi ya hospitali haitegemei mtambo wa Siaya, ujengwe usijengwe. Na kwa watu wa Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa, kinachoua zaidi ni tiba hiyo kuchelewa kuwafikia na kukatizwa katikati. Ikiwa kuna jambo la kuogopa ndani ya chumba chenyewe, basi ni mashine kufanya kazi bila mtu wa kuipima. Hofu tunayo, ila tumeielekeza pasipo.

Tuanze na mashine yenyewe. Inayotumika katika kituo cha saratani cha hospitali ya rufaa ya Nakuru, ile ambayo wakazi wa zamani bado wanaiita PGH, ni ya aina ya linaki. Ndani yake hamna madini ya mionzi. Inachukua umeme, inazikimbiza elektroni kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, kisha inazigongesha kwenye kipande cha chuma kizito. Mgongano huo ndio unaotoa eksirei zenye nguvu nyingi kupita zile za kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Ukizima swichi, mionzi inakwisha papo hapo, kama mwanga wa taa, na hakuna mabaki ya kuzikwa popote. Mashine za zamani, ambazo zilibeba Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kwa miaka mingi ilipokuwa tegemeo kuu la umma nchi nzima, zilitumia kobalti-60, madini ambayo nguvu zake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na ushee. Hiyo kobalti hutengenezwa katika vinu vya nchi za nje na kununuliwa kama dawa nyingine yoyote. Kenya imewatibu watu kwa mionzi kwa miongo kadhaa bila kuwa na mtambo hata mmoja wa umeme wa nyuklia. Kwa hiyo anayewaahidi watu wa Rarieda, huko Siaya, kwamba mtambo utawaletea tiba ya saratani anawapa ahadi isiyo na msingi, na anayewatisha kwa kuwaonyesha mgonjwa wa Nakuru anawatisha kwa kitu kisichohusiana na mtambo huo.

Wengi wanaoizungumzia tiba hii hawajawahi kuiona. Siku ya maandalizi mgonjwa hulazwa kwenye kitanda chembamba, kigumu, na ngozi yake huwekwa alama ndogo za wino. Anaagizwa asizisugue anapooga, maana kila siku atakayorudi, mwanga wa leza lazima uangukie alama zile zile. Mwenye uvimbe kichwani au shingoni hutengenezewa barakoa ya plastiki iliyolainishwa kwa maji moto na kukandamizwa usoni hadi ishike umbo lake, ili asiweze kugeuza kichwa hata kidogo. Wahudumu wakitoka, mlango mzito unafungwa nyuma ya kuta za zege zenye unene unaopita mita moja, wanamtazama kwenye kamera na kuzungumza naye kwa spika. Mashine inamzunguka, inalia kidogo, inanyamaza, inasogea, inalia tena. Hasikii maumivu yoyote wakati huo. Baada ya dakika 10 au 15 anavaa nguo zake na kutoka.

Kesho anarudi, na keshokutwa. Hapo ndipo penye siri ya tiba yote. Mionzi huharibu DNA ya seli, na seli yenye afya hujirekebisha kufikia kesho yake vizuri zaidi kuliko seli ya saratani. Mtu mzima akipigwa mwilini mote grei 4 (grei ni kipimo cha mionzi ambayo mwili umeipokea) kwa mpigo mmoja, yuko kwenye hatari kubwa ya kufa. Lakini mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi hupewa grei 45 hadi 50 kwenye nyonga peke yake, zikiwa zimegawanywa katika vikao 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 5. Baadaye huongezewa tiba ya ndani: kipande cha iridiamu-192, kisichofika urefu wa sentimita moja, hupitishwa kwenye mrija hadi karibu na uvimbe wenyewe, kikakaa hapo dakika chache, kikarudishwa kwenye kasha lake. Madaktari wanataka kazi yote iwe imekamilika ndani ya wiki 8, kwa sababu ikirefuka kupita hapo, kila siku inayoongezeka inaipa saratani nafasi ya kukua tena. Tafadhali tuikumbuke kalenda hiyo, maana nitairudia.

Sasa hoja za wenye hofu. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo imeenea kuliko zote: kwamba mtu akishachomwa hubaki na mionzi mwilini na anaweza kuwaambukiza walio karibu naye. Mama mmoja wa upande wa Mbita aliniambia kwamba aliporudi kutoka kwenye tiba alikuta ametengewa kikombe, sahani na sufuria, na wajukuu wameagizwa wasimkalie mapajani. Alilieleza jambo hilo kwa utulivu ulioniuma kuliko kama angelia. Eksirei zikishapita mwilini zimepita. Hazikai kwenye damu, hazitoki na jasho, wala haziingii kwenye sahani. Mgonjwa aliyetibiwa kwa linaki au kwa kobalti anaweza kumbeba mjukuu wake siku ile ile. Wapo wagonjwa wachache wanaotakiwa kukaa mbali na watoto na wajawazito kwa muda, hasa wanaomeza iodini-131 kwa ugonjwa wa tezi ya shingo. Hao huambiwa na hospitali kabla ya kuruhusiwa, na maagizo hayo ni ya siku chache hadi wiki chache tu, kwa kuwa nguvu za iodini hiyo hupungua kwa nusu kila siku 8. Kumtenga mama wa Mbita hakukuwa na faida kwa mtu yeyote, na yeye kulimwongezea upweke juu ya ugonjwa.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba mionzi yenyewe husababisha saratani. Ni kweli. Marie Curie, aliyegundua radiamu pamoja na mumewe mwaka 1898, alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyoishughulikia maisha yake yote bila kinga. Ila swali la maana ni kiasi gani. Kwa wastani wa dunia kila mmoja wetu hupata milisiverti 2.4 (milisiverti hupima athari ya mionzi mwilini) kwa mwaka kutoka kwenye udongo, mawe, hewa na anga. Watafiti waliopima miamba ya milima ya Homa na Ruri, hapo Homa Bay, wamekuta mionzi ya asili iliyo juu ya wastani huo, na watu wanalima na kulea watoto huko vizazi kwa vizazi. Picha moja ya kifua ni kama milisiverti 0.1 au chini yake, sawa na wiki mbili za kuishi tu duniani. CT skani ya kichwa ni kama 2. Ya tumbo inaweza kufika 10, yaani mionzi ya asili ya miaka minne kwa dakika chache.

Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo inayopaswa kutushughulisha. Kuanzia 2015 mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, ambao baadaye Seneti iliuchunguza na kuukosoa vikali, ulisambaza mashine za picha katika kaunti zote 47, na hospitali binafsi nazo zimejaa skani mijini. Hilo limeokoa maisha. Kijana wa boda boda aliyegonga kichwa barabara ya Kakamega hana muda wa kusubiri, na kwake milisiverti 2 hazina maana mbele ya damu inayovuja kwenye ubongo. Vivyo hivyo picha ya kifua: utafiti wa kitaifa wa kifua kikuu wa 2016 ulikuta wagonjwa wengine ambao hawakuwa na dalili zozote na wasingejulikana bila eksirei, na kifua kikuu ni ugonjwa unaojulikana vyema katika nyumba za Nyanza. Lakini skani ya tumbo kwa mtoto ambaye daktari hajamgusa tumbo, au kurudiwa kwa picha kwa sababu hospitali ya pili haikuamini ya kwanza, hiyo ni mionzi bila faida. Mara nyingi upigaji picha wa ultrasaundi, usiotumia mionzi hii kabisa, ungetosha. Mzazi ana haki ya kumuuliza daktari, kwa heshima: picha hii itabadilisha nini katika matibabu ya mwanangu? Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni ajali. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, taasisi ya tiba ya mionzi ilihama jengo na kuacha nyuma mashine yenye seziamu-137. Watu waliokuwa wakitafuta vyuma chakavu waliivunja, unga wake uliong'aa ukapita mkono hadi mkono, watu 249 wakakutwa na uchafuzi na wanne wakafa. Mwaka 1996 huko Costa Rica, hospitali ilibadilisha chanzo cha kobalti, na aliyepiga hesabu akachanganya sekunde 30 na dakika 0.30. Wagonjwa 115 walipewa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa kwa sababu hiyo. Hizi si porojo za mitandaoni. Zilitokea, na zinaweza kutokea popote.

Tukizitazama vizuri, hata hivyo, ajali hizo zinatuonyesha zilikotoka. Goiânia ilitokana na chanzo cha mionzi kuachwa bila mwenyewe, na Costa Rica ilitokana na hesabu ambayo hakuna mtu wa pili aliyeikagua. Dawa ya yote mawili ni watu waliosomea kazi hiyo na msimamizi mwenye meno. Kenya inayo sheria ya mwaka 2019 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, ile KNRA, ikachukua kazi ya bodi iliyokuwepo chini ya sheria ya 1982. Kazi yake ni kutoa leseni kwa kila mashine ya eksirei na kila chanzo cha mionzi nchini, na kuzikagua. Kila anayefanya kazi kwenye chumba cha mionzi anapaswa kuvaa beji ndogo kifuani inayorekodi kiasi alichopata, isomwe mara kwa mara, na isizidi milisiverti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5. Tuibane mamlaka hiyo kuhusu kliniki ndogo za mijini zenye mashine kuukuu, ambazo ukuta wa chumba cha picha unapakana na benchi la wagonjwa. Hapo malalamiko ya umma yangezaa matunda.

Nyuma ya kila linaki inayofanya kazi sawasawa yuko mtu ambaye mgonjwa huwa hamjui kabisa: mwanafizikia wa tiba. Ndiye anayefika asubuhi kabla ya wagonjwa, akaweka kifaa cha kupimia chini ya mashine na kuhakikisha kwamba grei 2 zilizoandikwa kwenye kompyuta ni grei 2 kweli zinazotoka. Ndiye anayepanga pamoja na daktari miale ipite wapi ili kibofu na utumbo visiungue. Kenya ina wachache mno wa fani hii. Mashine inaweza kununuliwa kwa mkopo na kuzinduliwa kwa utepe na hotuba, lakini mwanafizikia huchukua miaka kumsomesha, na akishahitimu huitwa na hospitali za nje zinazolipa zaidi.

Uhaba huo ndio msingi wa hoja ya wale wanaosema tiba ya mionzi ibaki Nairobi. Wanasema afadhali kituo kimoja chenye wataalamu kuliko vitano vyenye mashine zilizofunikwa turubai. Naiheshimu hoja hii, na ninakubaliana nayo kwa nusu: si kila kaunti inahitaji linaki, na gavana anayeahidi mashine yake mwenyewe ili asishindwe na jirani anatupotezea pesa. Tatizo linarudi kwenye ile kalenda ya vikao 25. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni yapata kilomita 350. Mgonjwa kutoka Muhuru Bay au Port Victoria hawezi kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo ni lazima apangishe chumba wiki 5 au zaidi, ale, na awe na mtu wa kumshika mkono. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hulipia kikao lakini hailipii kodi ya chumba wala nauli. Familia inafanya mchango, mchango unaisha wiki ya tatu, mgonjwa anarudi nyumbani "apumzike kidogo", na saratani inapata nafasi yake. Anayeitetea Nairobi peke yake kwa sababu ya ubora wa tiba inabidi aihesabu na hiyo nusu ya dozi ambayo haikutolewa.

Ukubwa wa pengo nao si wa kubishaniwa. Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO yalionyesha kwamba mwaka 2020 Kenya ilipata wagonjwa wapya takriban 42,000 na vifo takriban 27,000. Karibu nusu ya wagonjwa wa saratani huhitaji mionzi wakati fulani, ama ya kuponya ama ya kupunguza maumivu. Linaki moja ikifanya kazi bila kukwama huhudumia kama wagonjwa 450 kwa mwaka. Hesabu hiyo inadai mashine zaidi ya 40, na hata tukijumlisha za hospitali binafsi hatujakaribia. Kwa hiyo Nakuru, Garissa na Mombasa kupewa vituo vya umma ilikuwa hatua sahihi, na ukanda wa ziwa haupaswi kuomba radhi kwa kudai chake.

Kuna wanaosema pesa hizo ziende kwenye kinga. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa kwa wasichana nchini mwaka 2019, na uchunguzi wa mlango wa kizazi ni rahisi kuliko linaki. Hakuna anayepinga. Ila msichana aliyechanjwa akiwa na miaka 10 atavuna faida hiyo akifika umri wa mama yake, na mama yake yuko kwenye foleni leo. Saratani ya umio nayo, inayowatesa watu wa Bomet na maeneo jirani hadi washindwe kumeza uji, haina chanjo. Na yupo mgonjwa ambaye hataponywa na chochote, saratani imeshaingia kwenye mifupa, halali usiku kwa maumivu. Kwake kikao kimoja tu cha grei 8 mara nyingi hutosha kuyapunguza kwa muda mrefu. Kumnyima kikao hicho kwa sababu tunasubiri kizazi kilichochanjwa ni ukatili.

Nini kinafuata, basi? Kwanza, wanaozunguka Siaya kwa ajili ya mtambo, wa pande zote mbili, wawaache wagonjwa nje ya kampeni zao. Vikao vya umma vijadili maji ya ziwa, fidia, taka na gharama ya umeme, mambo yanayotosha kabisa kujaza siku nzima. Pili, vituo vilivyopo vilindwe visikwame. Linaki haivumilii umeme unaokatika wala kipoozeo kilichoharibika, na wiki moja ya mashine kuzimwa ni wiki iliyoongezwa kwenye kalenda ya kila mgonjwa aliyekuwa katikati ya tiba. Iridiamu-192 hupungua nguvu kwa nusu kila siku 74, kwa hiyo lazima inunuliwe upya mara kadhaa kwa mwaka. Hospitali ambayo bajeti yake haina mstari wa jenereta, wa mkataba wa ukarabati na wa iridiamu mpya itakuwa na chumba kizuri kilichofungwa.

Tatu, kaunti 14 za ukanda wa ziwa, ambazo tayari zina jumuiya yao yenye makao Kisumu, zina uwezo wa kufanya pamoja jambo ambalo hakuna moja kati yao inaweza peke yake: kusomesha wanafizikia wa tiba kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi huku, na kujenga hosteli za wagonjwa karibu na vituo vya Nakuru na Eldoret, na karibu na JOOTRH, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, hapa Kisumu. Kitanda, jiko la pamoja, na gari la kuwapeleka kikaoni asubuhi. Gharama ya hosteli ni ndogo mno ikilinganishwa na ya linaki, na bila hosteli linaki hiyo itaendelea kuwatibu wanaoishi karibu nayo tu. Madiwani wanaanza kupitia bajeti hivi karibuni, na vikao vya kukusanya maoni ya wananchi viko wazi kwa yeyote. Mstari huo wa hosteli uulizwe huko.